Ngoma Isiyo na Ngoma

Alizaliwa wapi, mwaka gani na kwa ukoo upi, wapo wanaojua na wanaopenda kuulizwa. Mimi nilimkuta ameshakuwa mzee, ameshapata koti lake la ngozi na ameshapata cheo. Sisi wa Nyakasimbi tulimwita Mpiga Gitaa, kwa namna ileile tunavyosema Mtendaji wa Kata au Bwana Shamba, kana kwamba nafasi hiyo ilitangazwa, watu wakaomba, akapata yeye.

Kibanja chake, yaani shamba lake la migomba na nyumba ndani yake, na cha kwetu vinapakana. Nimekuwa jirani yake tangu nilipoolewa, na tangu nilipofungua kibanda changu pale sokoni, cha kuchaji simu na kuwawekea watu nyimbo, nimekuwa pia mtu anayezisambaza nyimbo zake. Ana migomba, ana kahawa, ana mbuzi wachache wasiomheshimu. Ukimwona akipalilia huwezi kumtofautisha na mzee mwingine yeyote, isipokuwa kwa lile koti. Alilivaa shambani. Alilivaa kanisani. Alilivaa wakati wa kiangazi, kahawa ikikauka uani, na alipoulizwa kama hasikii joto alijibu kwamba analisikia.

Siku moja wafugaji walikuwa wakipitisha ng'ombe kwenda mnadani. Dume moja kubwa likasimama mbele yake katikati ya barabara, likaanza kulinusa lile koti, likanusa kifua, likanusa mkono, likarudi kifuani. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alisimama tu, mikono pembeni, akasubiri limalize. Lilipoondoka alisema, "Walikuwa wanafahamiana," akaendelea na safari yake.

Muziki aliopiga ni roki. Neno lenyewe tulilipata kwake. Alilisikia ujanani kwenye redio ya mawimbi mafupi, na kabla hajajua maana yake alikuwa ameshaamua. Ni gitaa la umeme linalonguruma kama lori linalopanda mlima likiwa limebeba ndizi. Wengine waliuita muziki wa vurugu, wengine wakauita muziki wa Mpiga Gitaa, na hapo walikuwa wamemaliza, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuwachanganya.

Ajabu ni kwamba mwenyewe alikuwa hapendi kelele. Aliongea kwa sauti ndogo mno. Kwenye mkutano wa kijiji akisimama kusema, mwenyekiti aliomba watu wanyamaze, kisha akaomba tena, kisha watu wa nyuma wakahamia mbele. Kibandani kwangu alikuja mara kwa mara kuniomba nipunguze spika.

"Mwanangu," alikuwa akiniambia, "hiyo spika inamwambia nani?"

"Wateja, mzee."

"Wateja wamo humu ndani."

Nikipunguza, alishukuru, akaenda nyumbani, akawasha amplifaya yake, nasi tukamsikia mpaka sokoni. Nilipomuuliza tofauti ni ipi alinitazama kama mtu aliyeulizwa tofauti ya mchele na mchanga. "Kelele ni kitu cha kupangwa," alisema.

Kabla umeme haujafika kijijini alipiga kwa betri ya gari. Gari lenyewe hakuwa nalo, na sikumbuki mtu aliyewahi kumuuliza betri ilitoka wapi. Umeme ulipofika, wengine waliweka taa, wengine friji, yeye akachomeka amplifaya. Kila alipogusa nyuzi nene, taa za majirani zilififia. Wanangu walizoea kusoma kwa mwanga unaopanda na kushuka, na walijua wimbo umefika kwenye kiitikio hata upepo ulipokuwa ukipeleka sauti upande mwingine.

Katekista wetu alihubiri Jumapili moja kwamba muziki wa namna fulani ni wa shetani. Hakumtaja mtu. Alitaja koti. Pasaka ilipokaribia, spika ya kanisa ikaharibika, katekista akaenda kwa Mpiga Gitaa kuazima amplifaya. Mpiga Gitaa alimpa, akamwonyesha vitufe kimoja kimoja, akamwomba asipandishe sauti sana kwa sababu si vizuri kwa masikio. Ilirudi baada ya Pasaka, kitufe kimoja kimevunjika, na hakuna aliyesema neno.

Kwaya aliimba. Alisimama mstari wa nyuma upande wa besi, akifungua na kufunga mdomo, na hakuna mtu, hata aliyesimama bega kwa bega naye, aliyewahi kumsikia. Mwalimu wa kwaya alivumilia. Mara moja tu alimwomba maoni kuhusu wimbo mpya aliokuwa ameutunga kwa ajili ya ziara ya askofu. Mpiga Gitaa alimjibu kwamba kwa kawaida yeye huamini wimbo ambao haujamuudhi hata mtu mmoja haujakamilika, ila huu, baada ya kuusikia, anaona umekamilika.

Mke wake ni mwanamke wa maneno machache, na machache hayo huyapima. Nilimuuliza zamani, tukimenya ndizi kwenye harusi ya mtu, ilikuwaje akakubali kuolewa na mwanamuziki. "Mimi niliolewa na mtu," alisema. "Gitaa nililikuta, koti nililikuta. Uziwi ndio nimeuona ukiingia." Ni kweli, sikio la kulia la mumewe lilikuwa limeshafunga. Ulitakiwa kukaa kushoto kwake, na yeye akiongea unamsogelea, kwa hiyo wawili wakizungumza walionekana kama wanaibiana siri, hata kama ni habari ya mbolea.

Enzi zake alikuwa na bendi ya watu wanne. Walipiga kwenye harusi na kwenye baa, kutoka Nyabiyonza mpaka Isingiro na huko mpakani, na wimbo uliowapa jina uliitwa "Mvua ya Mawe". Mtu mwenye migomba hahitaji kuelezwa mvua ya mawe ni kitu gani. Inakuja mchana kweupe, inachana majani yote, inaangusha maua ya kahawa, inaondoka, jua linawaka, nawe unasimama mlangoni huna la kufanya. Wimbo ule ulianza kwa ngoma peke yake: punje moja juu ya bati, kimya, nyingine, halafu paa zima. Ndipo gitaa linaingia. Nimewaona watu wazima wakiusikia mwanzo wake wanatazama juu. Ulirekodiwa redioni, ukahamia kwenye kanda, kutoka kwenye kanda ukahamia kwenye simu, na mpaka leo hapiti mtu wa umri fulani kibandani kwangu asiyeuomba. Yeye mwenyewe hakuwahi kuuomba. Lakini mtu akipita barabarani simu yake inaupiga, aliacha jembe, akasimama mpaka sauti ipotee, ndipo akaendelea kulima.

Aliyekuwa akipiga ngoma kwenye bendi hiyo alikuwa mwenyeji wa Isingiro, mtoto wa wazazi waliovuka mto kutoka Rwanda wakapata shamba huko. Wazee wanasema enzi hizo huwezi kumwalika mmoja ukamwacha mwingine. Ni kama kualika kinu bila mchi. Kisha bendi ikafa. Ukimuuliza Mpiga Gitaa sababu, anakwambia, "Mpiga ngoma aliacha." Mpiga ngoma naye, ilisikika kutoka Isingiro, akiulizwa hujibu, "Kamuulizeni." Kwa jinsi hiyo miaka ikapita.

Basi masika yaliyopita tukaanza kumwona akisubiri gari la Kayanga, gitaa mgongoni, limefungwa kwenye mfuko wa mbolea lisilowe. Alikwenda wiki hii, akaenda ijayo. Ikajulikana kwamba kuna kijana ana studio huko, ya kurekodi kwaya na bongo fleva, na mzee wetu anarekodi albamu. Habari ilisambaa kwa kasi mpaka Nyabiyonza. Wapenzi wake wa zamani, ambao wengine walikuwa na wajukuu, walianza kukumbushana walivyocheza mpaka viatu vikaachia soli.

Albamu aliipa jina "Bado Nipo". Watu walikubali kwamba ni kweli, ingawa hakuna aliyekuwa na shaka, maana tulimwona kila siku. Siku aliyoileta kibandani kwangu alikuja nayo kwenye flashi, ameifunga kwenye leso. "Wawekee wanaotaka," alisema. "Wasiotaka usiwalazimishe." Akaenda zake.

Niliisikiliza yote. Ilikuwa gitaa na sauti yake, basi. Gitaa halikunguruma sana, lilitembea. Kisha kuna mahali lilisimama, kimya kikakaa kwa muda ambao si wa kawaida, halafu likaendelea kana kwamba limejibiwa. Ilikuwa kama kumsikia mtu akiongea na simu: unasikia upande mmoja tu. Ngoma hazikuwemo. Si wimbo wa kwanza, si wa mwisho.

Siku iliyofuata walianza kurudi. Wa kwanza alikuwa mkulima wa Nyakasimbi, mzee mwenye heshima zake.

"Mama, nyimbo ulizoniwekea zimeingia nusu."

"Zimeingia zote, mzee."

"Ngoma hazikuingia."

"Hazina ngoma."

"Ndicho ninachokwambia. Ziongezee."

Nilimweleza kwamba mwenyewe ndivyo alivyorekodi. Akaniangalia, akaangalia kompyuta yangu, akasema atakwenda kujaribu kwa mwingine mwenye mashine mpya. Baada yake walikuja wengine na memori kadi zao. Nikachoka kueleza, nikaandika karatasi nikabandika mlangoni: ALBAMU YA MPIGA GITAA HAINA NGOMA. SI KOSA LETU. Karatasi hiyo watu waliipiga picha ikasambaa kuliko albamu.

Vijana wa bodaboda walitoa hukumu yao asubuhi moja wakisubiri abiria. "Hii ngoma haina ngoma," alisema mmoja, na wenzake wakaona hakuna la kuongeza. Wapenzi wa Nyabiyonza walikuja kundi zima mpaka nyumbani kwake kulalamika. Waliketi, wakapewa kahawa ya kutafuna na rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakasema wamekuja kwa upendo, lakini wameumia. Walitegemea paa lianguke. Mpiga Gitaa aliwasikiliza kwa sikio la kushoto mpaka mwisho, akawaambia wao ni watu wa kweli, akawasindikiza mpaka barabarani.

Mwalimu wa sekondari, yeye, aliisifu mno. Alisema albamu ile inaonyesha ukomavu. Aliwawekea walimu wenzake wote, nao walimshukuru, na sikusikia zaidi. Mpiga Gitaa akaniuliza ukomavu kwa hapo alimaanisha nini.

"Kuiva," nilimwambia.

"Ndizi iliyoiva haipikwi," alisema, na nikaona hakufurahi.

Katekista alitangaza kwamba hii ni dalili ya toba, shetani ametoka pamoja na kelele zake, mpaka mtu akamwonyesha wimbo wa tano, ambao unahusu kitu kilichoazimwa Pasaka kikarudi kimevunjika. Hakuitaja tena albamu mimbarani. Redio moja ya kwetu huku iliupiga wimbo wa kwanza, ikaukatisha katikati kwa sababu muda wa matangazo ya vifo ulikuwa umefika, na mtangazaji akasahau kuuzima kabisa, ukabaki unasikika kwa chini majina yakisomwa. Wiki hiyohiyo familia zikaanza kuomba tangazo lao liwekewe wimbo uleule. Kwa hiyo ulisikika sana, kila siku, na kila ulipoanza watu walinyamaza wasikie ni nani.

Waliompenda bila masharti walikuwa wafugaji. Alikuja mmoja kutoka kwenye mbuga za upande wa Kyerwa, amejitanda shuka, fimbo mabegani, akasema ametumwa na nduguze. "Mvua ya Mawe" ng'ombe hawaitaki kabisa, wakiisikia wanatawanyika. Lakini hii mpya, ukiipiga wakati wa kunywesha, wanatulia, hata wale wakorofi. Akachukua nakala kwa ajili ya boma zima. Nilipompelekea Mpiga Gitaa taarifa hiyo aliiomba tena kuanzia mwanzo. "Hata wale wakorofi?" aliuliza.

Mke wake nilimuuliza mwenyewe ameionaje. "Sijaisikia," alisema. "Nilimsikia akiitengeneza."

Swali la ngoma lilimfuata kila mahali. Mtangazaji wa redio aliambiwa mpiga ngoma alipata malaria. Katekista aliambiwa ni kwa ajili ya Kwaresima, ingawa Kwaresima ilikuwa imepita. Watu wa bodaboda waliambiwa ngoma zimo, ila simu zao ni mbovu. Mimi sikuambiwa kitu, kwa sababu sikuuliza. Mtu anayetoa majibu mengi hivyo ana jingine ambalo hajalitoa.

Kisha, siku ya soko, mchana, akaja kibandani mzee mmoja mrefu, amevaa kofia ya pama, mkono wa kushoto ameuweka mfukoni. Sikumfahamu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia taratibu, akauliza kama hapa ndipo zinapopatikana nyimbo mpya za yule wa gitaa.

"Ndipo hapa, mzee. Nikuwekee kwenye simu?"

"Hapana. Nataka kusikiliza tu, kama una nafasi."

Nilimpa kigoda na hedifoni. Akavua kofia, akaiweka gotini, akasikiliza. Watu waliingia na kutoka, wenye nyanya walibishana nje, mbuzi alikata kamba akapita mlangoni, yeye hakugeuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya paja. Nilipoangalia vizuri niliona kwamba kuna wakati vidole vinaanza kugonga, vyepesi sana, halafu vinasimama. Nilikuwa nimeshazisikia nyimbo zile mara nyingi kiasi cha kujua ziko wapi kwa kutazama tu. Vidole viligonga pale gitaa liliponyamaza. Gitaa liliporudi, viliacha.

Alipomaliza alivua hedifoni kwa mkono mmoja, akaukunja waya wake vizuri kuliko ninavyoukunja mimi.

"Wewe ndiye mpiga ngoma," nilisema.

"Nilikuwa." Akautoa mkono wa kushoto mfukoni, akaulaza kwenye meza kama kitu cha mtu mwingine. "Huu haupandi tena tangu nilipougua. Kwa hiyo hata angeniita nisingekuja kupiga. Lakini angeniita." Akaurudisha mfukoni. "Amenitoa mara ya pili."

"Ya kwanza ilikuwa ipi, mzee?"

Alinitazama kama anapima kama swali ni la umbea au la utu. Sijui aliamua nini, ila alijibu.

"Baba yangu alifariki. Siku ya kuzika walikuja wenzetu wawili wa bendi, wakabeba jeneza na sisi. Yeye hakuja. Siku hiyohiyo redio ilikuwa imemwita akarekodi 'Mvua ya Mawe'. Angeweza kuwaambia subirini, tuna msiba. Akatafuta mtu mwingine akapiga ngoma zangu."

"Ule wimbo tunaousikia—"

"Siyo mimi. Mwanzo ule ni wangu, niliutunga kwenye bati la jiko la mama yangu. Anayepiga siyo mimi." Akavaa kofia. "Ulitoka redioni tukiwa bado matangani. Watu waliokuja kunipa pole wakawa wananipa na hongera. Wanasema, tumekusikia. Mimi nawaambia, asanteni."

Nikasema pole. Akasema imeshapoa, akaniaga, akaenda kutafuta usafiri wa kurudi Isingiro. Niliangalia kwenye kompyuta yangu, mahali ambapo wimbo ule umekaa miaka yote, na nikatambua kwamba ngoma za mzee huyu hazipo humo, wala hazipo popote pengine.

Asubuhi yake nilimkuta Mpiga Gitaa mpakani mwa vibanja vyetu, akikata majani makavu ya migomba. Nikazunguka upande wake wa kushoto.

"Jana nilipata mgeni kibandani, mzee. Kutoka Isingiro."

Akaacha kukata.

"Alisikiliza?"

"Zote."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Anasema umemtoa mara ya pili."

Alisimama na mundu wake. Mbuzi mmoja akaanza kula majani ya maharage pale miguuni pake, naye hakumfukuza.

"Sikumtoa," alisema. "Nilimwachia. Yule kijana wa studio ana mashine inayopiga ngoma yenyewe, unabonyeza tu. Alinibonyezea nikasikia. Nikamwambia azime, mahali pale pana mwenyewe."

"Ulimwambia mwenyewe?"

"Nimemwambia humo kwenye nyimbo."

"Hakusikia hivyo, mzee."

"Wimbo wa tatu uko wazi kabisa," alisema.

Mimi si mtu wa kumkosoa mzee, na wala sikuwa na haki ya kuingia humo. Lakini nilikuwa nimeuona ule mkono juu ya meza yangu.

"Waitu, mzee," nilisema, kwa neno letu la heshima, "linalomuuma si ngoma. Hukuzika."

Kwetu hilo ni neno zito. Unaweza kumdhulumu mtu mpaka wa shamba, ukamtukana hadharani, mkasuluhishwa. Lakini kutozika kunabaki. Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sikulazimika kumsogelea ili nimsikie.

"Sikuzika," alisema.

Wiki ileile alikata mkungu wake mkubwa kuliko yote, ule ambao alikuwa akiutunzia sikukuu. Mke wake akafunga maharage kwenye mfuko, akafunga na kahawa. Bodaboda ikaja, mkungu ukafungwa nyuma, Mpiga Gitaa akakaa katikati, amevaa kanzu, na gitaa hakulichukua. Wakaondoka kuelekea Isingiro. Watu walipomwona na mkungu walijua anakokwenda ni msibani, ila hawakujua kwa nani, na kwetu jambo kama hilo haliwezi kukaa bila kujulikana. Katekista alikwenda nyumbani kuuliza, nami nilikuwepo, nikichambua kahawa na mke wake.

"Mzee amekwenda wapi?"

"Msibani, Isingiro."

"Poleni sana. Nani amefariki?"

"Baba wa mpiga ngoma."

Katekista akavua kofia. "Lini?"

"Zamani," alisema mke wake, akiendelea kuchambua. "Amechelewa."

Yaliyotokea huko niliyapata kwa yule kijana wa bodaboda. Alisema mzee alishuka, akaweka mkungu mlangoni, akaingia, akaketi chini kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni kama wafanyavyo wafiwa, akamwambia mwenye nyumba pole kwa kufiwa na baba. Mwenye nyumba alisimama pale mlangoni muda mrefu. Mke wa mwenye nyumba hakujua awashe moto au asiwashe. Majirani walipoona mtu ameketi matanga walianza kumiminika kuuliza amekufa nani, na mpiga ngoma akawa anawajibu mmoja mmoja, "Ni baba," nao wakawa wanampa pole upya, kwa sababu hakuna jibu jingine mtu anaweza kulitoa. Baadaye wawili hao wakaenda nyuma ya nyumba, kaburini, katikati ya migomba. Kijana hakuwafuata. Aliona tu kwamba walikaa huko mpaka kivuli kikahama, na waliporudi, aliyekuwa ametokwa na machozi hakuwa mmoja.

Mpiga Gitaa alikaa Isingiro siku zote za matanga, kama mtu yeyote anayezika. Kwetu walisema mengi. Mwalimu wa sekondari alisema ni ishara. Watu wa Nyabiyonza walisema bendi inarudi, wakaanza kuulizana tarehe.

Aliporudi alipita kwanza kibandani kwangu. Alikuwa amechoka, kanzu ina vumbi, na amepewa kuku, amemkumbatia kwapani. Nilimwamkia, nikampa kigoda, nikazima spika kabla hajaniomba.

"Ule wimbo wa redio," alisema, "watu wakiuomba, waambie anayepiga ngoma humo si yeye."

"Nitawaambia."

Na nimekuwa nikiwaambia. Wengi husikiliza kwa adabu, halafu husema sawa mama, niwekee tu.

"Bendi itarudi?" nilimuuliza, kwa niaba ya Nyabiyonza.

"Mkono wake haupandi," alisema. "Nimejaribu kuunyanyua mwenyewe. Haupandi."

Kuku akatazama kompyuta.

"Na albamu je? Sasa ameielewa?"

"Ameielewa. Haipendi." Akamhamisha kuku kwapa la pili. "Nilikuwa na nakala kwenye simu, tuliisikiliza yote mbele ya mkewe. Anasema wimbo wa pili ni mrefu. Wa nne nimeuanza kwa pupa. Zile nafasi nilizomwachia, mbili hazimtoshi, na moja ni pana mno, mtu anaweza kulala humo. Jina la albamu anasema ni la kipuuzi. Alinieleza kwa utaratibu kabisa, siku nzima, mpaka chakula kikapoa."

"Pole, mzee."

"Pole ya nini?" Alikuwa ameshasimama, anatafuta njia ya kupita kati ya wateja na kuku wake. "Ameniambia nirudi mwezi ujao. Wimbo wa sita hajaugusa."